Uzee Husingiziwa, Tezi Nayo Pia

Tezi za kondoo zaidi ya 870 ziliingia katika mwili wa mwanamke mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, kidogo kidogo, kwa miaka 28. Alipoanza kutibiwa mwaka 1891 alikuwa na umri wa miaka 46: uso umevimba, maneno yanamtoka kwa kujikokota, wageni hataki kuwaona, na baridi haimwachi. Daktari kijana wa Newcastle, George Murray, alichukua tezi za shingoni mwa kondoo, akazikamua, akachuja maji yake na kumchoma sindano. Baada ya miezi michache uso ulinywea, ulimi ukawa mwepesi, mama akaanza tena kushughulika na watu. Baadaye dawa ikawa ya kunywa. Alifariki mwaka 1919 akiwa na miaka 74, na Murray mwenyewe ndiye aliyepiga hesabu ya kondoo wale na kuichapisha.

Mambo aliyokuwa nayo mama yule, ukiyatoa kwenye faili la daktari na kuyapeleka barazani kwa mtu yeyote Moshi, Machakos au Bukavu, yatapewa maelezo mamoja tu: umri umekwenda. Bibi siku hizi hasemi. Babu anasahau, amekuwa mzito, hana hamu ya kitu. Wajukuu wanaambiwa wamwache apumzike. Na mara nyingi kweli ni umri, au ni ugonjwa wa ubongo usio na dawa ya kuuondoa. Lakini lipo kundi dogo ambalo chanzo cha shida yake hakipo kichwani, kipo shingoni, na kipimo kimoja cha damu hukibaini. Lipo pia kundi jingine, kubwa zaidi, linalopewa dawa ya tezi bila kuihitaji kwa matumaini kwamba kumbukumbu itarudi. Makundi haya mawili hayana budi kuzungumzwa pamoja, maana anayelijua moja tu huishia kulikosea la pili.

Tezi yenyewe hospitalini huitwa thairoidi. Vitabu vya Kiswahili huiita pia dundumio. Imekaa mbele ya koo, chini ya kikoromeo, uzito wake gramu 20 hivi, na ikiwa na afya hata kuipapasa kwa vidole ni kazi. Hutengeneza homoni mbili kwa kutumia madini joto, yaani ayodini, tunayoyapata kwenye chumvi na kwenye samaki wa baharini. Moja huandikwa T4 kwa kuwa imebeba atomi nne za madini hayo, nyingine T3 kwa kuwa imebeba tatu. T4 ndiyo nyingi, T3 ndiyo yenye nguvu. Sehemu kubwa ya T3 wala haitoki kwenye tezi. Viungo vingine huitengeneza kwa kuipunguzia T4 atomi moja.

Anayeisimamia tezi hii yuko chini ya ubongo: ni tezi ya pituitari, inayotoa homoni iitwayo TSH. Wawili hawa wanaishi kama msimamizi wa shamba na kibarua wake. Kibarua akizembea, msimamizi hupaza sauti; kibarua akipitiliza, msimamizi hunyamaza. Ndiyo maana majibu ya maabara huwachanganya watu. TSH ikiwa juu, maana yake tezi imelegea. TSH ikiwa chini, tezi inatoa homoni kupita kiasi. Wapo wanaoshangilia TSH iliyoshuka kama wanavyoshangilia sukari iliyoshuka, na si ajabu, kwa kuwa hakuna aliyekaa nao chini kuwaeleza.

Ubongo una utaratibu wake. Hupokea T4 kutoka kwenye damu, kisha chembe zinazozihudumia neva huigeuza kuwa T3 humo humo ndani. T3 huingia hadi kwenye kiini cha chembe ya neva na kuamua ni jeni zipi zifanye kazi na zipi zitulie. Kwa mtoto aliye tumboni, amri hizo ndizo zinazoujenga ubongo, na zikikosekana madhara yake hayafutiki. Kwa mtu mzima jengo limekwisha simama, lakini neva bado zinahitaji homoni hiyo ili zitumie nishati sawasawa na kuwasiliana zenyewe kwa zenyewe. Eneo linaloguswa sana ni hipokampasi, ambako kumbukumbu mpya hupita kabla ya kuhifadhiwa. Homoni hizi zinaingiliana pia na serotonini, kemikali ile ile ambayo dawa nyingi za sonona huilenga. Basi si ajabu kwamba tezi ikilegea, mtu hupoteza vyote viwili kwa pamoja: wepesi wa kukumbuka na furaha ya kuishi. La kutia moyo ni kwamba kilichopungua ukubwani kinaweza kurudi.

Madaktari wa karne ya 19 waliliona hilo mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1888 kamati ya Chama cha Kitabibu cha London ilitoa ripoti juu ya wagonjwa zaidi ya 100 waliolegea tezi. Karibu nusu yao walikuwa na imani za uongo zisizotikisika, au walikuwa wakiona na kusikia visivyokuwapo. Ungetarajia habari nzito kama hiyo ifundishwe katika kila hospitali ya wagonjwa wa akili tangu siku hiyo. Haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi ilibaki kwenye kabati, na aliyeifikisha kwa umma hakuwa profesa bali mwandishi wa riwaya, A. J. Cronin, aliyekuwa pia daktari. Katika The Citadel, iliyotoka mwaka 1937, mchimba makaa wa Wales amegeuka mkali na wa ajabu, karatasi za kumpeleka hospitali ya vichaa zinaandaliwa, na daktari kijana anagundua kwamba tatizo ni tezi.

Miaka 12 baadaye daktari wa London, Richard Asher, alichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za wagonjwa wake 14, wote wakiwa wamechanganyikiwa akili, wote tezi zao zimelegea. Mmoja hushuku kila mtu, mwingine hana habari na dunia. Walipopewa dawa ya tezi, wengi wao walirudiwa na akili zao. Asher alikuwa mwandishi mkali, mwenye kejeli kidogo, na alisikitika kwamba watu wa namna hiyo walikuwa wakipita mbele ya madaktari bila kutambuliwa. Huyu Asher ndiye pia aliyeupa jina la Munchausen ule ugonjwa wa watu wanaojisingizia maradhi. Alikuwa na jicho la kuona nani mgonjwa kweli na nani siye.

Sasa, kwa nini wazee hasa ndio hawatambuliwi? Kwa kijana, tezi ikilegea hujitangaza: ananenepa, nywele zinakatika, hedhi inavurugika, analala mchana kutwa. Kwa mzee dalili ni chache, na kila moja ina maelezo mengine tayari. Kufunga choo? Hali mboga. Ngozi kavu? Umri. Masikio yamekuwa mazito? Umri. Sauti inakwaruza, anatembea polepole, anasinzia kwenye kiti? Umri, umri, umri. Hata baridi, ambayo ni dalili nzuri sana, inategemea unaishi wapi. Mzee anayejifunika blanketi Dar es Salaam mwezi Februari, wakati wengine wanatafuta feni, amekwisha kukuambia kitu. Yule wa Njombe amevaa sweta na koti kama jirani zake wote, na hakuna atakayemshangaa.

Hata huzuni yake haifanani na huzuni tuliyoizoea. Halii, halalamiki, hasemi ana mawazo. Amezimika tu. Ukimpelekea mjukuu mchanga anampokea, anamtazama, anamrudisha. Simu ya mtoto aliye Muscat au Minneapolis, aliyokuwa akiisubiri wiki nzima, sasa anaijibu kwa neno moja na kuirudisha kwa binti. Ukimuuliza swali, jibu linakuja, tena mara nyingi la sahihi, ila limechelewa kiasi kwamba muulizaji amekwisha kukata tamaa na kulijibu mwenyewe. Kuchelewa huku kuna thamani kwa daktari. Mgonjwa wa Alzheimer kwa kawaida huuliza jambo lile lile mara kumi, hupotea njia ya nyumbani, hujaza pengo la kumbukumbu kwa hadithi. Aliyelegea tezi huwa mzito zaidi kuliko mpotevu. Mpaka huo si ukuta; wapo wenye vyote viwili. Lakini mwana anayeishi na mzee wake akiulizwa vizuri huweza kueleza tofauti hiyo kuliko kipimo chochote cha dakika kumi hospitalini.

Na wakati mwingine mambo hayaishii kwenye ukimya. Mzee anaanza kusema watoto wanamwibia, chakula kina sumu, kuna watu huingia chumbani usiku. Kwetu hapo hatari si ya ugonjwa pekee. Kilifi nchini Kenya, na katika mikoa ya kanda ya Ziwa nchini Tanzania, wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na bibi anayezungumza na watu wasioonekana yuko karibu mno na tuhuma hiyo. Sisemi kila aliyetuhumiwa alikuwa na ugonjwa wa tezi. Hilo lingekuwa porojo. Nasema kwamba jamii inayojua mwili unaweza kuivuruga akili ina sababu moja zaidi ya kumpeleka bibi kwenye zahanati kabla ya kumpeleka mahali pengine.

Lakini tusivuke mpaka. Daktari A. Mark Clarfield alikusanya tafiti nyingi juu ya kile kinachoitwa dimenshia inayotibika, yaani kupotewa na kumbukumbu na akili kunakoweza kuondoka kwa dawa, akachapisha mwaka 2003. Alichokuta ni cha kuvunja moyo: wagonjwa ambao dimenshia yao iliondoka kweli hawakufika hata 1 katika 100. Kwa maneno mengine, ukiwapeleka wazee 100 wenye dimenshia wakapimwe tezi, karibu wote watarudi na dimenshia yao. Hata hivyo ni kipimo cha damu kidogo tu, dawa yake imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na anayepatikana anaweza kurudishiwa miaka ya maisha. Miongozo mingi ya madaktari inataka mzee aliyeanza kusahau apimwe TSH mara moja, pamoja na vitamini B12 na vipimo vingine vya kawaida. Kwangu hoja hiyo inatosha. Kinachonisumbua ni kile kinachofuata pale TSH inapotoka juu kidogo.

Hapa ndipo tezi nayo inapoanza kusingiziwa.

Maabara nyingi huandika kwamba TSH ya kawaida ni kati ya 0.4 na 4 hivi. Kiwango hicho kimetokana na watu wa rika zote. Ila TSH hupanda na umri hata kwa wazee wazima wa afya. Takwimu za Marekani zilizochambuliwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba kwa waliozidi miaka 80, kikomo cha juu cha watu wasio na ugonjwa wa tezi kinafika 7.5. Basi bibi wa miaka 83 mwenye TSH ya 6 na T4 ya kawaida, karatasi yake itarudi na alama ya hatari, familia itaingiwa na hofu, na mtu mwenye haraka atamwandikia kidonge cha kila siku cha maisha. Huenda bibi yule hana ugonjwa wowote.

Mji wa Leiden, Uholanzi, ulitoa somo ambalo madaktari wengi walilipokea kwa shingo upande. Watafiti waliwafuata wakazi wa mji huo waliotimiza miaka 85, wakawapima tezi, wakawaangalia kwa miaka. Walitarajia wenye TSH ya juu wawe ndio wasahaulifu, wenye sonona, wasiojimudu. Hawakuona uhusiano huo. Zaidi ya hayo, wenye TSH ya juu waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004, na tangu hapo ni vigumu kusema bila aibu kwamba tezi ya mtu wa miaka 85 lazima ifanye kazi kama ya mtu wa 30. Pengine mwili unaopunguza mwendo uzeeni unafanya hivyo kwa faida yake.

Swali la dawa lilipata jibu zuri zaidi mwaka 2017. Katika jaribio lililopewa jina la TRUST, wazee 737 wa Uingereza, Ireland, Uholanzi na Uswisi, wote wa miaka 65 au zaidi, wote TSH juu kidogo na T4 kawaida, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa levothairoksini, ambayo ni T4 ya kutengenezwa, nusu vidonge vitupu vya kufanana nayo. Mgonjwa hakujua anameza nini, na daktari wake vilevile. Baada ya mwaka, TSH za waliopewa dawa zilishuka kama ilivyotakiwa. Uchovu wao? Sawa na wa wenzao. Dalili nyingine? Sawa. Sehemu ya washiriki hao walipimwa sonona kwa makini, na majibu yaliyotoka mwaka 2021 yalikuwa yale yale: dawa haikuwaondolea huzuni. Mwaka 2019 jopo la wataalamu katika jarida la madaktari wa Uingereza lilishauri wazi kwamba watu wazima wa namna hii kwa kawaida wasipewe dawa, isipokuwa wachache, kama wale ambao TSH yao iko juu sana.

Nasisitiza: hawa si wagonjwa wa Murray wala wa Asher. Wale T4 yao ilikuwa imeanguka, na mtu wa aina hiyo akiachwa bila dawa anaweza kufikia kupoteza fahamu, mwili ukawa wa baridi, pumzi ikapungua, hasa homa ya mapafu ikimkuta humo. TSH ikivuka 10 kwa muda, madaktari wengi hulizungumza jambo la dawa hata kama T4 bado haijashuka. Ubishi uko kwa walio kati ya kawaida na 10, na hao ndio wengi. Kwao hatua ya kwanza ni kupima tena baada ya miezi miwili au mitatu. Wengi TSH yao hurudi mahali pake bila kidonge hata kimoja.

Upande wa pili wa mzani, yaani homoni ikizidi, haupewi uzito unaostahili, ingawa kwa kumbukumbu za mzee naona ndio wa kuogopwa zaidi. Kijana mwenye homoni nyingi hatulii: anatoka jasho, anatetemeka, macho yanamtoka, anaongea bila kituo. Mzee anaweza kuwa kinyume kabisa. Mwaka 1931 daktari wa upasuaji wa Boston, Frank Lahey, alieleza wagonjwa ambao tezi zao zilikuwa zinatoa homoni kupita kiasi huku wenyewe wamepoa, wamekonda, hawana mshughuliko. Mtu kama huyo akiingia kliniki leo atafikiriwa saratani, kifua kikuu, au sonona. Mara nyingi moyo ndio unaomsaliti. Mei 1991 Rais George Bush wa Marekani, akiwa na miaka 66, aliishiwa pumzi akikimbia mazoezi huko Camp David. Moyo wake ulikutwa unapiga bila mpangilio, na vipimo vikaonyesha tezi. Mkewe Barbara alikuwa amekwisha kupatikana na ugonjwa ule ule. Moyo unaopiga hovyo namna hiyo hutengeneza mabonge ya damu, bonge likipanda kichwani ni kiharusi, na kiharusi hakihitaji msaidizi katika kuiba kumbukumbu.

Utafiti wa Framingham, ule unaofuata wakazi wa mji mmoja wa Massachusetts tangu 1948, ulichapisha mwaka 2008 kwamba wanawake waliokuwa katika theluthi ya chini ya TSH na wale wa theluthi ya juu, wote wawili, walipata Alzheimer zaidi ya mara mbili ya wale wa katikati. Kwa wanaume uhusiano huo haukuonekana. Watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walikwisha kuona mwaka 2000 kwamba TSH ya chini inaendana na dimenshia. Halafu mwaka 2023 watafiti wa Johns Hopkins walipitia mafaili ya wagonjwa zaidi ya 65,000 wenye miaka 65 au zaidi, wakakuta tena uhusiano kati ya homoni iliyozidi na kupungua kwa akili, ikiwemo homoni iliyozidi kwa sababu ya dozi kubwa ya dawa. Tafiti za namna hii hazithibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine. Lakini mtu anayemwongezea mama yake dozi ili "akili ichangamke" ajue kwamba ushahidi uliopo unaelekea upande usiomfaa.

Kwetu jambo hili la homoni kuzidi lina historia yake, na limefungamana na rovu. Watu wa pwani, wala samaki, rovu waliliona kwa wageni. Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mvua na udongo wa milimani vimenyima mazao madini joto tangu enzi, na shingo zilizovimba zilikuwa jambo la kawaida hadi watu wakaacha kuzihesabu kuwa ugonjwa. Kuanzia 1986 Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, kisha katikati ya miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuyatia kwenye chumvi. Faida yake ilikuwa kubwa. Wachumi waliochunguza baadaye walikuta watoto ambao mama zao walipata vidonge wakati wa mimba walisoma darasani muda mrefu kuliko ndugu zao waliovikosa.

Ila tezi iliyokaa na njaa ya madini hayo kwa miongo hubadilika. Huota vinundu, na baadhi ya vinundu huacha kusikiliza amri ya pituitari. Madini yakiwa haba hakuna tatizo, kwani havina cha kutengenezea homoni. Chumvi ya madini joto ikifika ghafla, vinundu hufyatua homoni bila breki, na wanaoumia ni wale wenye marovu ya zamani, yaani wazee. Ilitokea Zimbabwe, ikaripotiwa katika jarida la Lancet mwaka 1995. Mwaka uliofuata jarida hilo hilo likaripoti Kivu, mashariki ya nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Wimbi la namna hiyo kwa kawaida hupungua baada ya miaka, na hakuna daktari mwenye busara atakayesema turudi kwenye chumvi tupu. Hesabu ya watoto waliookolewa ni kubwa mno. Hata hivyo, mwanamke wa Makete au Ludewa mwenye miaka 75 leo alikuwa tayari mtu mzima vidonge vya kwanza vilipofika. Rovu lake ni la siku nyingi kuliko chumvi yake. Akianza kukonda, kukosa usingizi na kuwa na wasiwasi usio na sababu, shingo ile ambayo familia imeizoea inastahili kuangaliwa upya.

Madini joto huingia mwilini kwa milango mingine pia. Dawa ya moyo iitwayo amiodaroni imejaa madini hayo: kidonge cha miligramu 200 kina miligramu 75 hivi, wakati mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni mikrogramu 150. Inaweza kuilegeza tezi au kuifyatua. Dawa ya rangi inayochomwa kabla ya picha za CT nayo ina madini hayo. Lithiamu, inayotibu ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, huilegeza tezi ya baadhi ya wanaoitumia, na hapo mgonjwa aliyekuwa ametulia anazama kwenye sonona, watu wakidhani ugonjwa wa zamani umerudi. Bayotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, haiidhuru tezi bali hudanganya mashine za maabara, majibu yakatoka ya mtu mwingine kabisa. Na mzee aliyelazwa kwa homa ya mapafu au upasuaji asihukumiwe kwa TSH iliyopimwa siku hizo, maana ugonjwa wowote mkali huivuruga kwa muda. Heri mfuko wa dawa zote anazotumia, za hospitali na za dukani, uende naye kliniki kuliko kumtegemea azitaje.

Kwa yule anayehitaji dawa kweli, kazi kubwa iko kwenye saa ya asubuhi. Levothairoksini inataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kitu kingine. Nyumba zetu zinaamka na chai ya maziwa, na maziwa ni mmoja wa wanaoizuia isifyonzwe vizuri, kahawa pia. Vidonge vya chuma na kalsiamu, ambavyo wazee wengi huandikiwa, vitenganishwe nayo kwa saa nne. Joto nalo huiharibu, kwa hiyo dirisha la jikoni linalopigwa na jua si mahali pake. Nimeona mambo haya madogo yakimfanya mgonjwa aongezewe dozi mara kwa mara, wakati tatizo lilikuwa kikombe.

Mzee mwenye moyo dhaifu huanzishiwa dozi ndogo, mikrogramu 12.5 au 25, ikipandishwa taratibu. TSH hupimwa baada ya wiki sita hadi nane, si kabla, kwa sababu homoni hii hukaa mwilini muda mrefu na pituitari huchelewa kuamini. Familia husubiri muujiza wa wiki moja, ukikosekana wanaacha dawa. Kwa kawaida mwili hutangulia: choo kinalainika, baridi inapungua, hamu ya kuongea inarudi. Kumbukumbu hufuata nyuma kwa miezi, na kwa waliokaa muda mrefu bila kutibiwa, sehemu yake huenda isirudi yote.

Lililobaki linawahusu wanaoitumia dawa hii tangu zamani. Mama aliyeanzishiwa akiwa na miaka 45 kwa dozi iliyomfaa wakati ule, akifika 78 mwili umepungua kilo na unaiondoa homoni polepole zaidi, lakini cheti chake hunakiliwa vile vile mwaka hadi mwaka. Dozi iliyokuwa sawa inageuka kuwa kubwa bila mtu yeyote kuiongeza. Kipimo cha TSH mara moja kwa mwaka kinatosha kuligundua. Ikiwa imeshuka chini ya kiwango, daktari huipunguza dawa kwa hatua ndogo, mikrogramu 12.5 au 25 kwa mara moja, na damu hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane.